Muulize Mwonjaji: Moshi, mapipa na wiski za Uskoti

Kwa miaka kumi na tisa nilionja chai kwa mshahara. Vikombe mia mbili kabla ya adhuhuri: kunusa, kufyonza kwa nguvu, kutema, kuandika, kusogea kwenye kikombe kinachofuata. Nilipostaafu, nidhamu ile niliihamishia kwenye wiski za Uskoti, na mpaka sasa nimekwenda huko safari nne kuzionja kwenye viwanda vyenyewe. Barua nyingi za mwezi huu zinauliza habari za moshi, basi naanza na moshi.

*

*Shikamoo mama. Nimezawadiwa chupa ya Laphroaig ya miaka 10. Nilipoifungua, sebule nzima ilinuka kama chumba cha kufungia vidonda. Nimeifunga tena. Imeharibika, au kuna mtu ameitia dawa?*
*— Mwenye Chupa Moja*

Marahaba. Haijaharibika wala hakuna aliyeitia kitu. Harufu uliyoisikia ndiyo waliyoikusudia, na pua yako imeitaja vizuri kuliko waandishi wengi niliowasoma.

Chanzo chake ni moto. Shayiri ikiloweshwa ikachipua huitwa kimea, na kimea hicho lazima kikaushwe upesi kabla hakijamaliza sukari yake kwa kuota. Katika kisiwa cha Islay, magharibi ya Uskoti, miti ni haba lakini piti ni tele. Piti ni udongo mweusi wa kinamasi, mabaki ya mimea iliyolala majini maelfu ya miaka bila kuoza ikaisha. Hukatwa vipande kama matofali, huanikwa kwenye upepo, kisha huchomwa chini ya kimea kingali na unyevu. Moshi wake unanata kwenye maganda, nao umebeba kemikali ziitwazo fenoli. Sasa rudi kwenye chumba chako cha kufungia vidonda. Mwaka 1865, hospitalini Glasgow, daktari wa upasuaji Joseph Lister alianza kusafisha vidonda kwa asidi ya kaboliki, na asidi ya kaboliki ndiyo fenoli. Pua yako ilikutana na ukoo uleule, ikautambua.

Wapenda moshi hupenda kutajiana namba. Kimea cha Lagavulin huwa na fenoli kama sehemu 35 kwa milioni, cha Laphroaig 40 na kitu, cha Ardbeg kama 55. Namba hizo ni za kimea kabla hakijasagwa, si za kilichomo kwenye glasi. Fenoli nyingi hupotea njiani. Lagavulin na Caol Ila hupata kimea chenye moshi unaokaribiana kutoka nyumba moja ya kimea, ile ya Port Ellen palepale kisiwani. Lakini onja Lagavulin ya miaka 16, halafu Caol Ila ya miaka 12. Ya kwanza ni nzito, tamu, moshi wake kama wa jiko lililokwisha kupika ukabaki mkaa. Ya pili ni nyembamba, ina ndimu na majivu makavu. Tofauti hiyo imezaliwa kwenye vyungu vya shaba vya kukeneka, yaani kuchemsha kinywaji na kukusanya mvuke wake: umbo lake, kiasi kinachotiwa, na saa ambayo mtu mmoja anaamua kwamba sasa kinachotoka kinafaa kuwekwa na kilichotangulia kirudishwe kikakenekwe upya.

Chupa yako ifungue tena. Mimina kidogo, uiache dakika ishirini, tia kijiko kimoja cha chai cha maji, kisha rudi. Dawa itakuwa imelegea, na chini yake utakuta utamu wa vanila kutoka kwenye mapipa yaliyowahi kuweka bourbon, ile wiski ya Marekani. Ukijaribu siku tatu tofauti na bado huipendi, mpe mtu anayeipenda, usijilaumu. Halafu tafuta Bunnahabhain ya miaka 12. Inatoka kisiwa hichohicho, ila kimea chake kwa kawaida hakikaushwi kwa moshi.

Bunnahabhain naitaja kwa sababu niliwahi kuidhulumu. Safari yangu ya kwanza Islay nilionja Ardbeg asubuhi, mchana nikaenda Bunnahabhain na mdomo wangu ukiwa bado umejaa moshi, nikaandika kwenye daftari: "Haina kitu." Siku mbili baadaye niliionja tena alfajiri kabla sijala. Nilikuta njugu zilizokaangwa, zabibu kavu, na kitu kama chumvi ya pwani mwishoni mwa ulimi. Mtu aliyekwisha kuonja chai miaka kumi na tisa alipaswa kujua kwamba kikombe chepesi hakifuati kikombe kizito. Tangu siku hiyo, moshi wangu ni wa mwisho daima.

*

*Dada Mwonjaji, salaam. Nina pesa ya chupa moja tu ya maana mwaka huu. Kiwanda kimoja kinauza ya miaka 12 na ya miaka 18, na bei ya 18 imezidi mara mbili. Je, utamu wake nao umezidi mara mbili?*
*— Baba Watatu*

Hapana, kaka, haujazidi mara mbili. Mara nyingi hauzidi hata kidogo, unabadilika tu.

Ile namba kwenye chupa ni umri wa wiski iliyo changa kuliko zote zilizomo. Chupa ya 12 inaweza kuwa na wiski ya miaka 15 ndani yake, lakini tone la miaka 11 likiingia, namba inakuwa 11. Sheria inadai miaka 3 tu: kinywaji kikae Uskoti kwenye pipa la mwaloni lisilozidi lita 700, na kiingie chupani kikiwa na alkoholi isiyopungua asilimia 40. Kinachozidi hapo ni uamuzi wa kiwanda.

Na wakati peke yake haufanyi kazi, anayefanya kazi ni pipa. Sheria ya Marekani inataka bourbon iwekwe kwenye chombo kipya cha mwaloni kilichounguzwa ndani, kwa hiyo wenye bourbon hawana ruhusa ya kulitumia pipa lilelile mara ya pili kwa bourbon nyingine. Waskoti huyanunua. Pipa hilo la lita kama 200 likitumika mara ya kwanza Uskoti linatoa vanila na nazi kwa wingi. Mara ya tatu limechoka, na wiski inaweza kulala humo miaka ishirini ikaamka karibu na ilivyolala. Pipa kubwa la lita 500 lililokolezwa sheri, ile divai ya kusini ya Hispania, linatoa zabibu kavu, njugu, mdalasini. Kwa hiyo unapouliza umri, uliza na pipa.

Sehemu ya bei ile ni ya haki, hilo sikatai. Kila mwaka kama asilimia 2 ya kilichomo pipani hupaa kupitia kwenye mbao; wenyewe huiita fungu la malaika. Kwa miaka 12 hiyo ni kama moja ya tano ya pipa, kwa miaka 18 inakaribia theluthi. Kilichobaki lazima kilipe kilichopaa. Wiski zisizo na moshi zilizolala kwenye mapipa mazuri ya sheri, miaka huzifaa. Glenfarclas ya 15 kwangu ina kina ambacho ya 10 haijakifikia. Ila moshi hupungua kadiri miaka inavyoenda. Lagavulin ya miaka 8, iliyotolewa mwaka 2016 kiwanda kilipotimiza miaka 200, ina moto mkali zaidi ya dada yake wa miaka 16, na jioni za baridi mimi huichagua hiyo changa.

Kwa pesa yako, ningenunua ya 12, hasa kama chupa imeandikwa asilimia 46 au zaidi. Hiyo 46 nitaieleza kwenye barua inayofuata.

*

*Mama, mume wangu anasema anayetia maji kwenye wiski anaiharibu. Mimi natia. Tuamulie.*
*— Mama Kijiko*

Tia maji, mama. Na mweleze mwenzio kwa upole kwamba kiwanda kimekwisha kutia kabla yako. Wiski huingia pipani kwa kawaida ikiwa na alkoholi kama asilimia 63.5, na chupa nyingi huuzwa 40 au 43. Tofauti hiyo sehemu yake ilipaa, lakini sehemu kubwa ni maji yaliyotiwa siku ya kujaza chupa.

Mwaka 2017 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Linnaeus nchini Uswidi, Björn Karlsson na Ran Friedman, walitumia kompyuta kuangalia guayakoli, moja ya kemikali zinazotoa harufu ya moshi, inakaa wapi ndani ya glasi. Alkoholi ikiwa kali sana, guayakoli huzama katikati. Maji yakiongezwa, huelea juu pamoja na alkoholi, karibu na pua. Mimi naona jambo lilelile kwa njia yangu: wiski ya asilimia 57 inanichoma pua nisisikie kitu, nikitia matone mlango unafunguka. Natia kidogo, nanusa, naongeza. Kilichozidi hakitolewi.

Barafu ni habari nyingine. Baridi hufunga harufu na kuufanya ulimi ufe ganzi. Ukinywa kwa kuburudika weka utakavyo, lakini ukitaka kuipima wiski, usiweke.

Kuhusu 46: wiski yenye alkoholi ya chini ya hapo ikipata baridi au maji huweza kuingia ukungu, kwa sababu mafuta yake ya asili huganda. Viwanda vingi huipoza na kuichuja kabla ya kujaza chupa ili ibaki inang'aa. Mafuta yale yalikuwa na uzito wake mdomoni. Kiwanda kinachouza kwa 46 bila kuchuja kwa baridi kimekuachia mafuta yako. Ukungu ukitokea kwenye glasi yako, furahi.

*

*Je, wiski iliyokoza rangi ndiyo bora?*
*— N.K.*

Rangi isikuongoze. Sheria ya Uskoti inaruhusu vitu viwili tu kuongezwa: maji na rangi ya karameli. Karameli hiyo hutiwa ili chupa za mwaka huu zifanane na za mwaka jana. Ujerumani hulazimisha iandikwe kwenye lebo. Kwingine unaweza usiambiwe. Nikionja kwa makini huifunika glasi kwa karatasi.

*

*Shikamoo mama Mwonjaji. Nasoma maelezo ya waonjaji wa Ulaya: keki ya matunda ya Krismasi, marmaledi ya Seville, tandiko la farasi, maua ya vilima vya Uskoti. Vingi kati ya hivyo sijavionja wala kuvinusa. Daftari langu lina maneno matatu: tamu, kali, moshi. Nina pua mbovu, au sina maneno?*
*— Daftari Tupu*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu.

Nilipoanza kazi ya chai tulikuwa wanafunzi watano. Tulipewa orodha ya maneno ya Kiingereza ya kuelezea chai tukaambiwa tuyakariri. Tuliyakariri, tukafaulu mtihani, na bado kikombe kimoja kila mtu alikiita jina lake. Siku moja ilipita chai yenye kasoro ambayo hatukuweza kuitaja, mpaka mwenzetu mmoja akasema: "Hii ni mkeka uliolowa." Wote wanne tuliinua vichwa. Tulikuwa tumeshajua: chai ile ililala kwenye ghala lenye unyevu. Hakuna neno kwenye orodha yetu lililofanya kazi ile.

Tandiko la farasi ni mkeka wa mtu mwingine. Aliyeliandika hakukudanganya, alifungua kabati la utoto wake. Wewe fungua lako.

Na kabati lako halina upungufu kwenye wiski, kwa sababu wiski ina vitu unavyovijua kwa majina yake halisi. Mwaloni una yujenoli, na yujenoli ndiyo roho ya karafuu. Ukisikia karafuu kwenye wiski iliyolala pipani, hufananishi, unaitambua kemikali ileile. Mwaloni una pia laktoni ambazo pua yoyote iliyozoea tui inaziita nazi, na mwaloni wa Marekani unazo nyingi kuliko wa Ulaya. Hamira inapochachusha sukari ya shayiri hutengeneza esta, na mojawapo inanuka ndizi mbivu waziwazi. Vanila imo kwenye mbao. Pilipili manga imo kwenye Talisker, mwishoni, inapochoma nyuma ya ulimi. Clynelish ina nta, nta ya mshumaa uliozimwa sasa hivi. Mortlach mimi niliiandika "mchuzi wa nyama uliolala", na wenyeji nao huiita ya nyama. Hakuna aliyeniambia kabla.

Sasa zoezi. Tafuta wiski tatu tu, usizidishe: Glenmorangie Original, Glenfarclas ya 15, Talisker ya 10. Gawaneni gharama na marafiki. Kila mtu apate glasi tatu zenye tumbo pana na mdomo uliobana, kwa sababu glasi iliyo wazi inaachia harufu iende. Mtu mwingine amimine kiasi kilekile, kama vijiko vitatu vya chai, na aziwekee alama chini ya kitako ili usijue ipi ni ipi. Usipake manukato siku hiyo, usile kitunguu. Ziache dakika kumi. Kisha nusa ya kwanza mdomo ukiwa wazi kidogo, bila kuitumbukiza pua. Nusa ya pili, ya tatu, rudi ya kwanza. Usionje bado. Andika harufu kwa tofauti zake: hii ina kitu ambacho ile haina. Ulinganisho hukupa neno ambalo glasi moja peke yake haikupi. Ukinusa moja tu utaandika "wiski" na utakuwa sahihi.

Ndipo uonje, uizungushe mdomoni, umeze kidogo au uteme, na uhesabu polepole. Ladha iliyobaki kooni ukifika kumi ni ipi? Ukifika thelathini ipo?

Nitakwambia nilichoandika mimi, ila usikisome mpaka umalize chako. Glenmorangie: chungwa lililomenywa sasa hivi, vanila, ua jeupe, inaondoka mapema. Shingo za vyungu vyao zina urefu wa mita 5.14, ndizo ndefu kuliko zote Uskoti. Mvuke mzito huanguka njiani ukarudi chini, mwepesi pekee hupita juu. Glenfarclas: zabibu kavu, kokwa iliyochomwa, mdalasini, uzito wa sharubati. Hapo ni mapipa ya sheri, na vyungu vinavyopashwa kwa miale ya gesi moja kwa moja chini ya shaba. Talisker, ya kisiwa cha Skye: moshi wa moto wa ufukweni, utamu unaoanza kukupumbaza, kisha pilipili manga. Baada ya kuhesabu thelathini pilipili bado ilikuwapo.

Fanya hivyo mara sita mwaka huu kwa wiski tofauti, kisha niandikie. Nataka kuona daftari hilo.

*

*Bibi, single malt ni ya wajuzi na mchanganyiko ni wa walevi. Ndivyo nilivyofundishwa. Ni kweli?*
*— Mjuzi Chipukizi*

Si kweli, na aliyekufundisha hajawahi kuchanganya kitu.

Chupa iliyoandikwa Single Malt Scotch Whisky maana yake ni kimea cha shayiri, kilichokenekwa kwenye vyungu, katika kiwanda kimoja. Basi. Haisemi kwamba ni nzuri. Mchanganyiko huchukua wiski za kimea kutoka viwanda vingi na kuziunganisha na wiski ya nafaka, ngano au mahindi, inayokenekwa bila kukatiza kwenye mnara wa aina aliyoisajili Aeneas Coffey mwaka 1830. Sehemu kubwa ya wiski ya Uskoti inayonyweka duniani ni mchanganyiko, na viwanda vingi unavyoviheshimu vinaishi kwa huo. Ile Caol Ila niliyoisifu juu, sehemu yake kubwa haiingii kwenye chupa yenye jina lake kamwe. Inakwenda kuupa Johnnie Walker moshi wake.

Miaka yangu sita ya mwisho kazini nilikuwa mchanganyaji wa chai. Mteja alitaka pakiti ya Januari ionje sawasawa na ya Julai, wakati mvua haikunyesha sawa, majani hayakufanana, na shamba moja lilikuwa limefungwa. Nilikuwa na vikombe arobaini mezani vya kutafuta kikombe kimoja kisichobadilika. Mchanganyaji wa wiski anafanya hivyo kwa mapipa aliyojaziwa na mtu aliyekwisha kustaafu. Kuionja kazi hiyo na kuiita ya walevi kunaniuma.

Hata hivyo sizipimi kwa rula moja. Kwenye single malt natafuta tabia, hata ikiwa na kona kali. Kwenye mchanganyiko natafuta mahali ambapo kiungo kimoja kimemzidi mwenzake, na nisipopaona, alama zinapanda.

*

*Nitakuwa Uskoti siku tano. Kiwanda kimoja tu, ungesema kipi?*
*— Msafiri*

Springbank, kule Campbeltown, mwisho wa rasi ya Kintyre. Ni mbali, na barabara inajipinda pamoja na bahari. Mji huo uliwahi kuwa na viwanda zaidi ya 30. Sasa wiski yake ya asili iko mikononi mwa viwanda vitatu, Springbank, Glengyle na Glen Scotia. Springbank ni ya mwaka 1828, na kinachonirudisha ni kwamba shayiri yote wanayotumia huichipua wenyewe sakafuni, huigeuza kwa majembe ya mbao, huikausha, huikeneka, huilaza na kuijaza chupani, vyote palepale. Sakafu ile ina harufu ya tango lililokatwa. Ukiingiza mkono ndani ya shayiri inayochipua utasikia joto, kama mkono wa mtu mwenye homa ndogo.

Hapo chini ya paa moja wanatengeneza wiski tatu. Springbank yenyewe ina moshi wa wastani na hukenekwa mara mbili na nusu, maana sehemu ya kinywaji hupita mara tatu na sehemu mara mbili. Longrow ina moshi mwingi, mara mbili. Hazelburn haina moshi kabisa, mara tatu. Ukizionja kwa mfuatano Hazelburn, Springbank, Longrow, utakuwa umeona kazi ya moshi na ya shaba kwa saa moja. Springbank ya miaka 10 kwangu ni alama 91 kati ya 100: mafuta mdomoni, pea, chumvi, masizi ya taa ya chemli. Weka nafasi mapema sana.

Na kama utaendesha gari, sikiliza. Tangu Desemba 2014 Uskoti imeshusha kiwango cha alkoholi kwa dereva hadi miligramu 50 kwa mililita 100 za damu, ilhali Uingereza kusini yake imebaki 80. Viwanda vingi vitakupa sehemu yako kwenye vichupa vidogo uondoke nayo. Vichukue. Mimi hutema hata nisipoendesha, kwa sababu baada ya glasi ya nne iliyomezwa daftari langu huanza kumsifu kila mtu.

*

*Chupa iliyofunguliwa inakaa muda gani? Ninayo iliyobaki robo tangu mwaka juzi.*
*— H.*

Iliyojaa haina haraka, inakaa mwaka na zaidi bila kukusumbua. Ikishuka chini ya nusu, hewa iliyomo ni nyingi na harufu za juu, ndimu na maua, ndizo hutangulia kuondoka. Moshi nao hufifia. Hiyo robo yako imekwisha kupoteza kitu, lakini haina madhara. Ihamishie kwenye chupa ndogo safi inayojaa mpaka shingoni. Isimamishe wima, tofauti na divai, kwa sababu alkoholi kali hula kizibo. Iweke gizani, mbali na dirisha. Kama ni Clynelish au kitu cha namna hiyo, usiihamishe: waite watu wawili Jumamosi muimalize.